Marshi ya Wavuta Bangi wa Kalundu

Katika mji wote wa Uvira, toka Kavimvira hadi Kalundu, hapakuwa na mtu aliyejua kutembea nyuma ya kitambaa chenye maandishi kama Mama Louise. Kwao maandamano huitwa marshi, na kazi hiyo ya marshi aliianza angali msichana, enzi za chama kimoja, akicheza mbele ya wageni wa serikali. Vita ya kwanza ilipokuja, yeye ndiye aliyewapanga wamama wa Mulongwe kando ya barabara, matawi mkononi, kuwapokea walioingia. Vita ya pili ilipokuja aliwapanga wamama walewale, kwa nyimbo zilezile, wakawapokea wengine. Usidhani aliwapenda. Hakuwapenda wa kwanza wala wa pili. Lakini alishajua kwamba mwenye bunduki akiingia mjini hutaka apokewe, na akipokewa vibaya ni mtaa unaolia.

Kwa hiyo Louise aliijua marshi kama fundi anavyojua mbao. Alijua vikongwe ndio hutangulia, maana askari akimwona mtu aliyefanana na mama yake kidole kinasita. Alijua wimbo usiwe wa mbio, utafanana na shambulio, wala usiwe wa kujikokota, utafanana na maziko. Siku za kawaida aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni, kwenye meza iliyotazama barabara kubwa, na hakuna marshi iliyopita mbele ya meza ile bila kukosolewa naye.

Ndiyo sababu siku wabebaji wa bandari ya Kalundu walipoandamana kudai bangi, yeye aliona yote.

Wabebaji wale walikuwa wakipakua saruji, chumvi na mawese kutoka kwenye boti za ziwani. Magharibi wakitoka bandarini walikuta askari wa waasi walioushika mji wamefunga kamba barabarani. Kila mmoja alipekuliwa. Aliyekutwa na msokoto wa bangi alichapwa fimbo, na bangi ikachukuliwa kuwa ushahidi. Ushahidi huo haukufika mahakama yoyote. Muda si mrefu askari walewale walionekana wamejinyoosha chini ya lori, macho mekundu, wakimcheka mbuzi aliyefungwa kwenye mti wala hafanyi lolote. Fimbo wabebaji wangeivumilia. Kicheko kile ndicho kilichowashinda.

Mmoja wao alikuwa Franck, kijana aliyefika mwaka wa tano wa sekondari kabla vita havijafunga shule. Franck alikuwa na redio, na redio ilimwambia kwamba kule Ulaya watu hutoka hadharani kudai bangi iruhusiwe, na polisi hutembea kando yao ili magari yasiwagonge. Wenzake waliamini habari ya watu. Habari ya polisi iliwashinda. Hata hivyo Franck aliwaambia kwamba na wao ni watu, wakaona hilo ni kweli, wakapanga siku.

Kwa kuwa walikuwa na woga, siku hiyo walivuta kwanza ili wapate ujasiri. Wakaupata mwingi mno. Walitoka vifungo wazi, wengine bila shati, mmoja akipiga beseni. Kitambaa chao kiliandikwa BANGI NI HAKI YETU, lakini rangi ilichuruzika mpaka yakawa kama maandishi ya filamu ya mizuka, na wamama wakawavuta watoto ndani. Walipofika darajani Mulongwe wakasahau walikokuwa wakienda. Nusu waliketi ukingoni kutazama maji. Nusu nyingine ilifuata harufu ya mikate iliyokuwa ikikaangwa, wakapanga mstari mbele ya muuzaji, na mstari ule ndio uliokuwa sehemu pekee ya marshi yenye mpango. Askari walipokuja hawakupoteza hata risasi. Mmoja wao alikikunja kitambaa akaenda kukifanya pazia.

Mji ulicheka juma zima. Mchungaji mmoja alilihubiri jambo hilo Jumapili, na waumini wake walicheka kanisani. Louise naye alicheka mpaka ndagala zikamwagika. Lakini kicheko kilipoisha, kitu kilibaki kikimkwaruza rohoni. Aliumia kama mpishi anavyoumia kumwona mtu akiunguza bugali wa wageni. Bangi aliichukia, ila marshi mbaya aliichukia zaidi.

Siku chache baadaye Evariste akaja kupiga hodi. Huyu ndiye aliyekuwa kapita, yaani msimamizi, wa wabebaji, mtu mrefu mwenye shingo nene kama nguzo. Siku ile mji ulipokimbia vita, Evariste alimbeba mgongoni mama yake Louise, ambaye alikuwa amepooza, toka Mulongwe hadi kwenye boti, risasi zikilia nyuma yao. Alipomtua alimpangusa jasho kana kwamba aliyechoka ni yule mama. Mtu wa namna hiyo humfungii mlango.

Louise alimfungulia, akampa kiti, kisha akamweleza waziwazi anavyofikiri juu ya bangi. Alisema ndiyo iliyomfanya mjomba wake auze mlango wa nyumba, halafu akae kizingitini mwezi mzima kuulinda mlango usiokuwepo. Evariste alisikiliza mpaka mwisho, kofia ikiwa mapajani.

"Mama Louise," akasema, "minye sikukuya kukuambia bangi iko muzuri. Tangu ujana niko nabeba saruji. Magaribi nikilala, mugongo haulali. Ile kitu ndiyo inauambia mugongo ulale. Siombi muji wote uvute. Naomba tu nisichapwe na muntu mwenye anavuta kunipita."

Louise akageukia jambo analolijua, akasema marshi yao ilikuwa aibu kwa Kalundu nzima. Evariste akakubali, akasema ndiyo maana amekuja.

Louise akatoa masharti. Hakuna kuvuta siku ya mazoezi wala siku ya marshi. Wote waoge, mashati yafungwe hadi shingoni. Na maneno yabadilike. Neno haki lisiandikwe popote, kwa sababu askari akisoma haki anakoki bunduki. Neno bangi nalo lingoje mpaka wawe wamesimama mbele ya mkubwa mwenyewe. Franck, aliyekuja siku ya pili kusikia masharti hayo, alikataa. Alisema huko ni kuuficha ukweli, na kule Ulaya hawafichi. Louise alimjibu kwamba kijana anayekwenda kuposa haanzi kwa kuwaeleza wakwe jinsi anavyokoroma.

"Sasa tutasema tunaandamana juu ya nini?" Franck akauliza.

"Juu ya mugongo," akasema Louise.

Mazoezi yalifanyika kwenye mchanga wa ziwa, mbali kidogo na bandari. Louise alikuwa amewafundisha wazee, walevi na wajumbe wa chama, lakini hakuwahi kukutana na watu waliomshinda kama wabebaji. Hawakujua kutembea mikono mitupu. Tangu utotoni walikuwa wakienda wameinama, nusu mbio, na sasa alipowaambia wanyooke, mikono yao ilining'inia kama nguo za kuazima. Waligongana. Mmoja alimkanyaga mwenzake mpaka kiatu kikabaki mchangani. Louise alipaza sauti, akaomba, akatukana kidogo kwa Kifuliiru, akaketi chini.

Akiwa ameketi pale akamwona Evariste akiokota kapu la mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akipita, akampandishia kichwani na kumsindikiza hatua chache, kapu jingine likiwa begani mwake. Alikuwa akitembea kama mfalme. Louise akasimama. Akaamuru kila mtu atafute gunia, alijaze majani makavu ya migomba, alitie kichwani. Wakafanya hivyo, na palepale shingo zikanyooka, hatua zikakubaliana, vumbi likainuka kwa pamoja. Louise alihisi mwili ukimsisimka. Katika miaka yake yote ya kuwapokea wakubwa hakuwahi kuona mstari mzuri kama ule, akasikitika kidogo kwamba ulikuwa wa bangi.

Nyumbani kwa Louise aliishi wifi yake, Pudentienne, dada wa marehemu mume wake. Alikuwa mjane wa katekista wa Kiringye, na alikimbilia mjini vita vilipochoma vijiji vya tambarare ya Ruzizi. Mtu wa rozari na maneno machache. Mchana mmoja wakiwa wanakula, Pudentienne akasema na yeye anataka kuandamana.

Louise alidhani hakuelewa. Akamweleza polepole kwa Kiswahili, kisha kwa Kirundi chake kibovu, kwamba hiyo si marshi ya Bikira Maria, ni marshi ya bangi. Pudentienne akasema ameelewa tangu mwanzo. Akanawa mikono, akamuuliza Louise kama anakumbuka ugonjwa wa kuku ulipopita Mulongwe ukafagia kila boma, ni kuku wa nani waliobaki wanatembea.

"Ni wetu," akasema Louise. Alikuwa amejisifu sana juu ya jambo hilo, akiwaambia majirani kwamba ni usafi.

"Weye unafikiri ilikuwa sala peke yake?"

Ndipo Louise alipojua. Nyuma ya choo, katikati ya mboga za lengalenga, palikuwa na mmea mrefu wenye majani mazuri ya vidole. Pudentienne aliupanda, akawa akiloweka majani yake kwenye maji ya kuku. Louise mwenyewe ndiye aliyekuwa akiumwagilia kila asubuhi akidhani ni ua. Padri alipokuja kubariki nyumba alimpeleka hadi pale kumwonyesha, na padri alikiri kwamba umestawi.

Louise alikasirika, kisha akaanza kucheka, kisha akakasirika tena kwa sababu alikuwa amecheka. Alimuuliza wifi yake kwa nini hakumwambia. Pudentienne alijibu kwamba hakuulizwa, na kwamba kule tambarare hakuna anayeulizana jambo hilo. Vikongwe wote wanaupanda. Ni dawa ya kuku, ya mbuzi anayekohoa, ya magoti ya wazee yakikandwa kwa maji yake ya moto. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuvuta, wala aliyejua kwamba anavunja sheria. Walijua tu kwamba mashamba yao sasa yako mikononi mwa askari, na askari wameacha mihogo ioze ila mmea ule wanaupalilia vizuri.

Louise alikaa na maneno hayo mchana kutwa. Jioni akamwambia Pudentienne awaite wamama wa Kiringye na Mutarule waliokimbilia mjini, waje na vitenge vyao vya Jumapili. Ndio watakaotangulia.

Ikabaki ruhusa. Hakuna aliyeandamana Uvira bila kupita kwa Révérien, karani wa ofisi ya komanda wa askari hao, ambaye aliwahi kuwatumikia wakubwa wa kila namna na mhuri uleule. Alimjua Louise miaka mingi. Hakuinua hata macho alipomuuliza kama marshi ni ya kuunga mkono au ya kupinga, kwa kuwa ofisini hazikuwepo aina nyingine. Louise akasema ni ya kuunga mkono. Révérien akauliza kuunga mkono nini.

"Mugongo," akasema Louise.

Karani akafikiri kidogo, akaona mkono na mgongo haviko mbali, akapiga mhuri.

Siku ilipofika, ziwa lilikuwa limetulia na milima ya upande wa pili ilionekana wazi. Mbele walitembea wamama kumi na kitu wa tambarare, weupe wa nywele, rozari shingoni, Pudentienne katikati yao. Nyuma ya wamama wabebaji wawili warefu walishika kitambaa kipya kilichopigwa pasi, kimeandikwa MIGONGO YETU INALIA. Kisha wabebaji wote, wameoga hadi masikio yanang'aa, vifungo shingoni, magunia vichwani, wakiimba kwa sauti nzito wimbo ambao Louise aliuchagua kwa kuwa haukuwa na maneno ila jina la Mungu na jina la kazi. Louise mwenyewe alitembea pembeni kama mwalimu, akirekebisha kiwiko hapa, kola pale.

Mtaani Kimanga watu walitoka nje ya nyumba kuangalia. Yule mchungaji aliyekuwa amehubiri juu yao alivua kofia, akawaambia jirani zake kwamba hawa wanakwenda kuhiji, akaingia mstarini. Mbele kidogo mtu mmoja alisema wakitoka vikongwe namna hii basi mapatano ya amani yametiwa sahihi. Neno hilo likatangulia marshi likienda mbio kuliko miguu. Walipofika karibu na soko walikuta watu wanakumbatiana, maduka yamefungwa, mwanamke mmoja analia kwa furaha akisema mwanawe atarudi kutoka msituni. Wote wakaingia mstarini. Louise alitaka kumweleza yule mwanamke kwamba hakuna mapatano, akashindwa. Alihisi aibu iliyomchoma, maana hakuwa amekusudia kumdanganya mtu. Akamshika mkono akaenda naye.

Kwenye kizuizi askari walisimama wakatazamana. Hawakujua kama wapige saluti au wapige risasi. Yule aliyefanya kitambaa cha kwanza kuwa pazia hakuwatambua wabebaji hata kidogo. Alimsogelea Pudentienne, akamwomba amwombee, kwa sababu anaota vibaya. Pudentienne akamwekea mkono kichwani, akamwombea, na kamba ikashushwa.

Komanda Étienne alikuwa mtu mfupi wa miwani myeusi, na maradhi yake yalikuwa kutaka kupendwa. Wakubwa wake walikuwa wamemlaumu kwamba watu wa Uvira hawampendi. Aliposikia nyimbo akachungulia dirishani, akaona barabara imejaa watu hadi kwenye kona, akavaa koti haraka na kuagiza mpiga picha aitwe. Alitoka barazani akasimama huku mikono imefumbatwa tumboni, nyuma yake walinzi watatu. Hakuwahi kupata kundi kama lile hata alipolazimisha.

Franck akajitokeza na karatasi, akaanza kusoma kwa Kifaransa kizuri, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie. Alisoma juu ya mizigo, juu ya saruji, juu ya migongo inayojenga mji. Komanda alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma. Franck akafika mahali pa kusema wabebaji wanaomba wasichapwe tena kwa ajili ya bangi wanayoitumia kutuliza mgongo, na akalisema neno bila kutetemeka.

Mpiga picha akashusha kamera. Huko nyuma yule mchungaji alisikika akiuliza jirani yake kama amesikia vizuri. Uso wa komanda ulikakamaa. Louise aliona mkono wake ukishuka taratibu kuelekea kiunoni, akakumbuka barabara nyingine na siku nyingine, ambazo hakuwahi kumsimulia mtu. Mara ya kwanza maishani mwake alikuwa ameleta watu mbele ya mwenye bunduki kumwomba kitu, si kumpa, akaona ni mambo mawili tofauti kabisa.

Komanda aliwapitia wamama kwa macho, akatua kwa Pudentienne.

"Mama," akasema, "hata weye?"

"Mwanangu, minye yangu ni ya kuku," Pudentienne akasema.

Komanda akavua miwani. Ukweli ni kwamba uani kwake alikuwa na kuku wengi, zawadi za vijiji vilivyomwogopa, na juma lile walikuwa wakianguka mmoja mmoja. Akauliza ni kuku gani. Pudentienne akaanza kumweleza bila haraka, jinsi wanavyoinamisha shingo, jinsi kinyesi chao kinavyokuwa cha kijani, na jinsi ya kuloweka majani. Komanda alikuwa ameinama kumsikiliza, amesahau watu wote.

Ndipo sauti ndogo ikasikika barazani. Mlinzi mmoja alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika. Neno kinyesi ndilo lililomshinda. Mwenzake alimtazama ili amkanye, naye akapasuka. Wa tatu aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini, machozi yakimtiririka kwenye macho ambayo yalikuwa mekundu tangu asubuhi. Komanda aligeuka akawatazama. Watu wote wakawatazama. Hapakuwa na haja ya Franck kuendelea kusoma.

Evariste ndiye wa kwanza kucheka, kwa kifua, gunia likiruka kichwani. Wakafuata wabebaji, wakafuata wamama, hata mchungaji. Komanda Étienne alibaki na njia mbili tu, kupiga risasi au kucheka, na mpiga picha alikuwepo. Akacheka wa mwisho, tena vibaya, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake.

Akapandisha mkono watu wanyamaze. Akasema kwamba amefikiri. Sheria inayokataza bangi ni sheria ya Kinshasa, na yeye anapigana na Kinshasa. Basi haoni sababu ya kumfanyia adui kazi yake. Kuanzia leo hakuna mbebaji atakayechapwa bandarini. Watu wakashangilia. Kisha akaongeza kwamba kwa kuwa wabebaji wa Kalundu wanatembea vizuri kuliko wanajeshi wake, watakuwa wanaandamana kila mwanzo wa mwezi kumuunga mkono, na Mama Louise awaongoze. Watu wakashangilia kidogo.

Ndivyo wabebaji walivyopata uhuru na mazoezi kwa pamoja. Fimbo ziliisha kweli. Lakini Louise alishika masharti yake, hakuna kuvuta siku ya mazoezi, na mazoezi yakawa mengi, mpaka wengine wakasahau kuvuta kwa kukosa nafasi. Mjini hakuna aliyewaita tena wavuta bangi. Waliitwa Kwaya ya Migongo. Wazazi waliokuwa wakiwaficha binti zao sasa waliwatuma bandarini kupeleka chakula bila sababu. Mchungaji alihubiri tena, safari hii juu ya unyenyekevu wa wabeba mizigo, akawa kama hajawahi kusema lingine. Yule mwanamke aliyelia barabarani alikuja mezani kwa Louise kununua ndagala. Hakusema neno juu ya siku ile, na Louise alimwongezea kikombe juu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja wapiganaji kutoka milimani waliteremka, risasi zikalia toka Kavimvira, na Komanda Étienne na watu wake wakakimbia kwa magari, kuku wakiwa ndani ya makapu. Mkubwa mpya alikuwa mtu wa sala, mkali, asiyevuta wala kunywa. Alipouliza ni nani wanaoandamana vizuri katika mji huu akaambiwa ni wabebaji wa Kalundu. Akaagiza Jumamosi waandamane kupinga bangi.

Evariste alikuja kwa Louise na habari hiyo, amekunja uso. Akamuuliza wafanye nini. Louise wa zamani hangehitaji hata kufikiri. Angesema kitambaa ni kitambaa, na miguu haisomi. Lakini alimtazama Pudentienne aliyekuwa akichambua mchele pale uani, ambaye alishasema hatakwenda, bila kupandisha sauti, kama mtu anayekataa sukari. Louise akagundua kwamba na yeye hataki. Jambo hilo lilimshangaza kuliko lilivyomshangaza Evariste. Miaka yote hiyo alikuwa amewatembeza watu kwa ajili ya kila aliyekuja, na sasa, uzeeni, alikuwa ameshikwa na msimamo kama mtu anayeshikwa na homa.

Akamwambia Evariste kwamba Jumamosi ataumwa. Evariste akasema hata yeye anasikia kama mwili hauko sawa. Kufikia Ijumaa jioni bandari nzima ilikuwa imelala.

Jumamosi barabara kubwa ilikuwa tupu. Louise alikaa ndani amejifunika kitenge, akisikiliza kila hatua iliyopita nje. Alikuwa na hofu kama mtu yeyote mwenye akili. Karibu saa sita mlango ukagongwa. Mpiganaji mmoja wa mkubwa mpya alikuwa amesimama pale, ndevu hazijanyolewa, bunduki begani, akamuuliza kwa ukali kwa nini hakuna mtu barabarani. Louise akasema yeye anaumwa. Mpiganaji akauliza anaumwa nini.

"Mugongo," akasema Louise.

Mpiganaji akatazama nyuma, akatazama kushoto na kulia, akaitua bunduki na kuiegemeza ukutani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye wake haulali, tangu walipoteremsha masanduku ya risasi kutoka milimani, na kama mama anamjua mtu mwenye dawa, angemshukuru, ila mkubwa asisikie.

Louise alimkaribisha kiti, akamwita wifi yake.